Vidole vya Dada

Mimi na dada yangu tulizaliwa siku moja, yeye akinitangulia kwa muda ambao mama alisema ulitosha kuchemsha maji ya chai. Kwa hiyo yeye ni dada na mimi ni mdogo, na katika miaka hamsini na kitu hajaniacha nisahau. Yeye alibaki Nansio, akaolewa huko, akafanya kazi ya samaki. Mimi nilipelekwa kwa shangazi Mwanza kusoma, nikawa mwalimu wa sekondari, na hadi leo naishi Mabatini. Nafundisha uraia. Nalitaja somo langu mapema kwa sababu lina sehemu yake katika ubaya huu wote, na sitaki mtu anihurumie kabla hajajua nilichofanya.

Kwetu mapacha wana taratibu zao. Anachofanyiwa mmoja sharti na mwingine afanyiwe, la sivyo yule aliyeachwa ataugua. Mama alizishika taratibu hizo kwa ukali. Dada akinunuliwa gauni, na mimi gauni. Mimi nikinyolewa, na yeye anakalishwa kwenye kigoda hata kama kichwa chake kimenyolewa juzi. Alipopata malaria tukiwa darasa la pili, vidonge vichungu nilimeza na mimi, mzima wa afya, nikatapika nyuma ya jiko huku mama amenishika mabega na kusema vizuri, vizuri. Mtu akiniita kwa jina lake niliitika, na nikitumwa mimi akaenda yeye hakuna aliyeuliza. Tulikua hivyo, na hatukuona ajabu.

Uandikishaji wa vitambulisho vya taifa ulipofika Ukerewe nilikuwa huko likizo. Kikundi cha dada cha wanawake wa dagaa kilikuwa na mashaka. Wengine walisema wanahesabiwa ili watozwe kodi, wengine walisema ni mambo ya uchaguzi. Nikajitolea kuwaeleza. Nilisimama mbele yao pale wanapoanika dagaa, viatu vimejaa mchanga, nikawaambia kwamba serikali inajenga msingi mmoja wa wote. Nikawaambia barabara haijengwi na mwenye gari. Inajengwa na serikali, halafu apite mwenye basi, apite mwenye baiskeli, apite na mama mwenye beseni kichwani, bila kuomba ruhusa ya mtu. Na hii namba itakuwa barabara ya namna hiyo. Hospitali itapita humo, shule itapita humo, benki itapita humo. Walinipigia makofi. Nilikuwa naamini kila neno. Baya zaidi ni kwamba bado naamini.

Kesho yake tulikwenda dada na mimi, tumevaa vitenge vya sare, kwenye darasa la shule ya msingi ambako mashine zilikuwa zimewekwa. Jina la dada likaandikwa, picha ikapigwa. Ikabaki vidole. Dada aliweka mkono wa kulia juu ya kioo kidogo, mashine ikalia vibaya. Akaweka wa kushoto, ikalia tena. Mwandikishaji akamshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Miaka thelathini ya kuparua samaki na kukusanya dagaa kwenye mchanga wa moto ilikuwa imezilamba ncha za vidole vyake zikawa laini.

"Mama, hivi vidole havina alama," akasema. "Nenda kanawe na ndimu."

Akanawa na ndimu. Akapaka mafuta, akafuta, akarudi kwenye foleni. Ikawa saa nane mchana, mashine inakataa, na watu wa nyuma wameanza kuguna. Mwandikishaji alisema kesho wanahamia kata nyingine, na asiyeandikishwa atafute njia yake. Akainama kubadilisha waya uliolegea. Hapo dada akanigeukia.

"Mdogo wangu, weka vyako."

Alisema kama mtu anayeomba apokewe ndoo. Nikacheka. Mwalimu wa uraia, siku moja tu baada ya kuhutubia, nikacheka, nikakaa kwenye kiti chake, nikaweka vidole kumi. Mwandikishaji alipoinua kichwa aliona sura ileile na kitenge kilekile. Mashine ikaitika kwa sauti nzuri. Tukatoka tumeshikana mikono, tukanunua miwa.

Vidole hivyohivyo nilikuwa nimekwisha kuviandikisha kwa jina langu mwenyewe, miezi kadhaa nyuma, mjini Mwanza. Mbona haikugundulika? Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba siku zile kumbukumbu za huku na za kule zilikuwa hazijaonana. Zilikaa kila moja kwenye boma lake. Nami kwa ujinga wangu nikadhani kimya hicho maana yake ni kwamba hakuna kosa.

Kwa miaka kadhaa jambo lile lilikuwa mzaha wetu. Laini za simu zilipotakiwa kusajiliwa kwa kidole, dada alinipigia kwa simu ya jirani yake. "Njoo," akasema, "uniletee vidole vyangu." Nikapanda meli Jumamosi, nikamsajilia laini, nikarudi Jumapili na dagaa mfuko mzima. Nilimwambia yeye ndiye raia pekee wa Tanzania ambaye mikono yake inaishi wilaya nyingine. Alicheka hadi akakaa chini.

Wakati huo serikali ilikuwa inafanya kazi yake. Nasema hivi bila kejeli. Kila mwaka nilikuwa na jipya la kuwaambia wanafunzi. Kilichokuwa kinahitaji safari ya siku mbili kikafanyika kwenye simu. Kila kiongozi akisimama alisema mifumo lazima isomane, hospitali isomane na bima, bima isomane na vitambulisho, mwananchi asizungushwe na bahasha. Niliwaandikia wanafunzi ubaoni: mifumo isomane. Nikawauliza kwa nini ni muhimu jambo hili liwe mikononi mwa umma na si mali ya kampuni moja, na msichana mmoja wa dirishani akajibu vizuri sana: kwa sababu likiwa la umma tunaweza kumuuliza mtu. Nilimpa alama zote.

Dada aliona uvimbe kwenye titi akakaa nao kimya muda mrefu. Alipokuja kuniambia ulikuwa umeshakuwa jiwe. Kikundi chao kilikuwa kimejiunga na bima, na kwa bima hiyo hospitali ya kwao ilimpa rufaa ya kuja Mwanza, kwenye hospitali kubwa. Daktari, mwanamke mpole mwenye kusema taratibu, alitueleza kwamba ni saratani, kwamba imechelewa kidogo lakini bado iko mahali pamoja, na kwamba atapewa dripu sita, kila moja baada ya wiki tatu. Alisisitiza hizo wiki tatu. Dawa ikikatizwa ugonjwa unapata nafasi ya kutembea, alisema. Dada aliniangalia akarudia polepole: wiki tatu tatu. Ndivyo alivyokuwa akikariri majedwali tulipokuwa watoto.

Kwa dripu ya kwanza dirisha la bima lilikuwa limejaa watu. Karani alisukuma kile kimashine cha kidole nje ya kioo bila kutazama nani anaweka. Nikaweka mimi. Taa ya kijani. Dada akapelekwa ndani, akakaa kwenye kiti kikubwa mchana kutwa, akatoka amechoka lakini amesimama. Usiku hakutapika. Tulijiambia imeanza vizuri.

Wiki tatu baadaye tulifika mapema, dirishani hapakuwa na mtu. Nikaweka dole gumba. Taa ikawaka nyekundu. Karani, binti mwenye umri wa wanafunzi wangu wa zamani, akasoma kwenye kioo chake, akasoma tena, halafu akakigeuza tukione.

"Shikamoo mama. Samahani. Hapa naona kidole kimoja, watu wawili."

Kwenye kioo tulikuwepo wote, mimi upande huu na dada upande ule, nyuso zetu zimepangwa pamoja, na chini yake maandishi kwamba taarifa zote mbili zimefungwa. Mifumo ilikuwa imesomana. Ilikuwa imefanya kile nilichokiandika ubaoni miaka yote.

Tuliuliza kuhusu kulipa taslimu. Kiasi walichotutajia kilitufanya tuangaliane, tukaacha kuuliza. Tukapelekwa ustawi wa jamii, wanakosamehewa wasio na uwezo. Mama wa pale alitupokea vizuri, akaandika namba ya dada, akakunja uso. Msamaha ni wa wasio na bima, alisema, na hapa inaonekana ana bima. Nikamwambia bima imefungwa. Akasema ndiyo, imefungwa, lakini anayo. Nilipiga meza yake kwa kiganja. Sijivunii hilo. Dada ndiye aliyemwomba radhi kwa niaba yangu.

Ofisi ya vitambulisho ilikuwa mjini, Nyamagana, mwendo mfupi kutoka hapo. Tulikwenda siku ileile, dada akipumzika kila baada ya hatua chache. Tukampata afisa mwanamume, mtu wa makamo, mwenye sweta na macho ya mtu aliyelaumiwa kwa mambo ya wengine tangu asubuhi. Nilimweleza. Akasema marekebisho ya vidole hayafanyiki pale. Pale wanapokea tu, anayefungua ni makao makuu.

"Nitampataje huyo wa makao makuu?"

"Kupitia mfumo, mama."

"Na mfumo umenifungia."

"Ndiyo maana tunatuma maombi."

Akamwambia dada aweke vidole upya. Nilijua kitakachotokea, nilikuwa tayari kumweleza habari za mchanga na ndimu. Dada akaweka mkono wa kulia. Mashine ikaitika vizuri. Akaweka wa kushoto, ikaitika. Kumi vyote. Alikuwa hajagusa samaki kwa miezi saba kwa sababu ya ugonjwa, na ngozi ilikuwa imerudisha alama zake yenyewe.

"Kumbe ninavyo," dada alisema, akiviangalia.

Afisa akatabasamu. Kazi kubwa imekwisha, alisema. Imebaki sehemu moja tu ya kujaza, sababu ya marekebisho. Akaninong'oneza kwa wema kabisa: "Andika kosa la mashine. Wakati ule mashine zilikosea sana, taarifa zinarekebishwa kwa siku nne au tano. Wala hataulizwa mtu."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yetu. Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko nilivyowahi kurudia sala. Siku nne au tano. Dada angechelewa dripu kwa wiki moja, na daktari alikuwa amesema wiki moja si neno. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Badala ya kuandika, nikapandwa na hasira. Nilikuwa nimekasirika tangu dirishani, na hasira yangu ilikuwa inatafuta mtu, ikampata huyu. Nilimwambia nimefundisha uraia miaka ishirini na sita. Nilimwambia watumishi wanaofundisha wananchi kudanganya ndio wanaoharibu kitu kilichojengwa kwa jasho la wote. Nilimwambia uongo ndio uliotufikisha pale na sitauongezea mwingine. Ofisi nzima ilikuwa inasikiliza, na nakiri nilipenda kusikilizwa.

Dada alinivuta kitenge. "Mdogo wangu, andika anavyosema huyu baba."

"Serikali ikiambiwa ukweli itarekebisha," nikamjibu. "Imejengwa kwa ajili hiyo."

Nikaandika ukweli. Niliuandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: kwamba siku hiyo niliweka vidole vyangu mahali pa vidole vya pacha wangu, kwa hiari yangu, na kwamba yeye hana kosa. Nikatia sahihi. Afisa aliisoma karatasi, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akaipiga picha na kuituma. Alipokuwa anaituma hakunitazama tena, akamtazama dada.

Kosa la mashine lina njia yake ndani ya mfumo. Kukiri udanganyifu kuna njia nyingine, inayopitia uchunguzi. Hilo hakuniambia siku ile. Labda aliona nimeshajua kila kitu. Nililijua baada ya wiki mbili, nilipopewa namba ya kufuatilia kwenye simu na kila asubuhi kabla ya chai nikawa nasoma neno moja: linachunguzwa. Tarehe ya dripu ya pili ilikuwa imepita. Nikapeleka kiapo cha mahakama. Nikapeleka barua ya mtendaji wa kata ya Nansio, vyeti vyetu vya ubatizo, picha yetu ya utotoni yenye kona iliyoliwa na mende. Afisa alipokea vyote bila kinyongo, akavituma vyote. Siku moja nilimwomba aondoe karatasi yangu aandike kosa la mashine. Nilimwomba kwa kunong'ona, nikiwa nimepiga magoti karibu na kiti chake nikijifanya naokota kalamu. Akasema kwa huzuni kwamba kilichokwisha kuingia hakitoki, na kila anayekifungua anaacha alama ya jina lake. Ndivyo inavyotakiwa iwe, mama, akasema. Ndivyo hata mimi nilivyowafundisha wanafunzi wangu.

Nilimkumbuka yule mwanafunzi wa dirishani niliyempa alama zote. Ni kweli mfumo ni mali ya umma. Ni kweli unaweza kumuuliza mtu. Nilimuuliza kila niliyemwona, na kila mmoja alinijibu kwa adabu, na hakuna hata mmoja ambaye mkono wake ulifika pale penye kufuli. Barabara ikikatika mvua ikinyesha, watu wa kijiji hupita shambani kwa mtu, wakaweka mawe, maisha yakaendelea. Hapa sikuona shamba la kupitia. Waliojenga hawakuwa watu wabaya. Walisahau tu kuacha mlango wa mgonjwa, na mimi niliyewapigia debe sikuwahi kuuliza uko wapi.

Daktari alitupa tarehe mpya, ikapita. Akatupa nyingine. Aliandika barua yake mwenyewe, akapiga simu mbele yetu, akaishika simu sikioni akisubiri kuunganishwa. Dada akaomba arudi Nansio, akasema amechoka kulala kwenye chumba changu akinisikia nagombana na simu. Nilimsindikiza kwenye meli. Alikuwa mwepesi. Nilimshika kiuno kumpandisha ngazi na mkono wangu ukazunguka wote.

Ujumbe ulikuja siku ya mtihani, nikiwa nasimamia kidato cha pili. Simu ilitetemeka kwenye mkoba. Taarifa zako zimerekebishwa. Nikapiga kelele darasani, wanafunzi wakainua vichwa wakadhani nimefiwa. Siku ya pili dada alivushwa kuja Mwanza, akapigwa picha za mashine kubwa, kila dirisha likimsoma kwa kidole chake mwenyewe, kijani, kijani, kijani. Daktari alituita sote wawili. Alizungumza taratibu kuliko siku zote. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ini na kwenye uti wa mgongo. Dripu tano zilizobaki hakuzitaja. Alisema sasa tushughulikie maumivu, na hilo linaweza kufanyika nyumbani.

Nilirudi naye Nansio. Kila Alhamisi muuguzi wa kituo cha afya anakuja na kishikwambi begani na chupa ya dawa ya maumivu. Mara ya kwanza nilikuwepo. Alimsalimia dada, akainama kitandani, akaomba dole gumba. Dada akautoa mkono chini ya shuka akauweka mwenyewe, bila kusaidiwa. Kishikwambi kikaitika mara moja.

"Unasoma vizuri sana siku hizi huu mfumo," muuguzi akasema, akimimina dawa.

Dada akanywa, akanirudishia kifuniko. Akanikazia macho kama alivyokuwa akifanya akitaka nikiri jambo mbele ya mama.

"Wanafunzi wako utawaambiaje?"

Nikasema sijui. Nikasema pengine nitawaambia kwamba ningedanganya angepona. Nililia wakati nasema, mbele ya muuguzi, na sikujali.

"Usiwafundishe uongo," dada akasema. "Uliandika ukweli, ukweli ulikuwa wako. Ila uwaambie kwamba nilisubiri. Waambie nilikaa nikasubiri, na sikumtukana mtu."

Nikamwambia nitawaambia. Jumapili nilivuka kurudi Mwanza, na Jumatatu niliingia darasani nikiwa na nia hiyo. Nilifungua kitabu kwenye sura ya huduma za serikali, nikachukua chaki, nikairudisha mezani. Halafu nikawaambia wasome wenyewe, kimya kimya, hadi kengele.